Shikamoo za Kilomita Ishirini na Moja

Wifi yangu Efrazia anaweza kupanda kutoka kisimani na ndoo ya maji kichwani huku anaimba, na akifika juu anaendelea na ubeti wa pili. Mapafu yale ni ya kwao Tumati, ambako watoto hupanda mlima kwenda shule na kushuka mwingine kwenda kanisani, kila siku ya Mungu. Kukimbia anaweza. Jua anaweza, vumbi anaweza. Kitu kimoja tu hawezi: kumpita mzee barabarani bila kusimama. Na hilo, jamani, ndilo lililotaka kunitoa roho Jumamosi ile ya mbio.

Nieleze vizuri, maana watu wa mjini wakisikia hivi husema, "Si amsalimie tu huku anakimbia?" Kwetu huku Endasak salamu hairushwi. Unasimama. Kama una mzigo unautua. Unainama kidogo, unasema shikamoo, unasubiri marahaba. Halafu unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za yule ng'ombe aliyekuwa anachechemea, na unajibu, na wewe unauliza. Ukimaliza ndipo unaondoka, bila haraka, ili usionekane ulikuwa unatamani kuondoka. Mwalimu mkuu wa somo hili ni mama yangu mzazi, Letisia. "Miguu isimame kwanza, mdomo ufuate." Alitulea kwa maneno hayo, na Efrazia alipokuja kuolewa na kaka yangu Modest, alikutana nayo mlangoni kabla hajapewa hata kigoda cha kukalia.

Na bado yakamkuta. Mwaka wake wa kwanza hapa alipita na mzigo wa kuni mbele ya nyumba ya mzee Sulle. Mzigo ulikuwa mkubwa, umemwinamisha mpaka anaona vidole vyake vya miguu tu. Mzee Sulle alikuwa ameegemea ukuta anaota jua. Efrazia hakumwona. Angekuwa mtoto wa hapa tungesema ni kuni hizo, mwacheni. Lakini alikuwa mke mgeni, na kuni hazijafika jikoni habari ilikuwa imeshafika: mke wa Modest anapita wazee kama anapita visiki. Kikao kikaitishwa. Ndiyo, kikao, watu wazima wameacha kupalilia maharage kwa ajili ya shikamoo moja. Mama akabeba kibuyu cha asali akaenda kuomba radhi kwa niaba ya mkwe wake. Mzee Sulle akapokea asali, akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Tangu hapo, miaka yote hii, na Irene mtoto wa kwanza wa Efrazia sasa yuko chuo, mzee Sulle akisalimiwa na wifi yangu huitikia huku ameangalia pembeni, kana kwamba marahaba hiyo anampa mtu mwingine aliyesimama nyuma. Na Efrazia tangu hapo husimama kwa kila mwenye mvi. Husimama hata kwa watu wasiowaza kusalimiwa. Nimemwona akitua ndoo kumwamkia mzee aliyekuwa amelala.

Mbio zenyewe hakuzitafuta. Daktari alimwambia kaka Modest ana presha, afanye mazoezi. Modest akanunua raba mnadani, akakimbia siku mbili, ya tatu akasema goti linamuuma, na goti hilo likamuuma mpaka leo. Efrazia alikuwa anamsindikiza tu, na kanga kiunoni. Modest akabaki kitandani, yeye akaendelea. Alitoka alfajiri, ukungu wa mlima bado umelala mashambani, akikwepa wazee. Kazi bure. Wazee wa huku wanaamka kabla ya kuku.

Mwaka jana wakaja vijana wawili kutoka Arusha kuandaa nusu marathoni ya kuchangia vitanda vya zahanati. Kuanzia uwanja wa mpira wa Endasak, kupanda barabara za vumbi kwenye miteremko, kuzunguka, kushuka kwa njia nyingine, kumalizia pale pale uwanjani. Saa moja asubuhi wanaanza, saa nne mstari unafungwa, bila mjadala, kwa sababu siku hiyo ni ya mnada na ikifika saa nne uwanja ni wa ng'ombe. Efrazia aliingia. Alisimama kwa kila mzee aliyekutana naye. Alipofika uwanjani alikuta lile tao lao la plastiki la kujaza upepo limelala chini wanalikunja, na mbuzi wanapita juu ya chaki ya mstari. Kijana mmoja akampa chupa ya maji, akamwambia, "Asante kwa kushiriki, mama."

Chupa ile hakuinywa. Aliiweka kabatini, kwenye glasi za wageni. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia kitu ambacho sijawahi kumsikia akisema. "Wifi, mimi kila nilichoanza niliitwa katikati. Shule niliitwa nikalee wadogo zangu. Cherehani ulinifundisha wewe, nikaitwa nikamuuguze baba mkwe. Nataka kitu kimoja nilichokianza mwenyewe nikimalize mwenyewe. Nitajaribu mara moja tu tena. Nikikuta wamefunga, raba hizi nampa Irene, na mimi sikimbii tena hata nikifukuzwa na nyuki."

Alisema kwa kucheka, lakini mimi namjua. Nilikwenda nyumbani nikalia, halafu nikakasirika, halafu nikaanza kupanga.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Mwaka huu mbio zilipotangazwa tena, nilimwendea katekista Ijumaa ya wiki ya kwanza ya Julai, nikamwomba kwenye matangazo ya Jumapili awaombe wazee, kwa heshima zote, siku ya mbio wasikae kandokando ya barabara asubuhi. Wakae uani. Wakae shambani. Wakae popote. Katekista akaitikia kwa kichwa, akasema nimwachie yeye. Jumapili, baada ya misa, akasimama akasema: "Jumamosi ijayo mke wa Modest atapita kwenye mbio. Wazee wetu, msijifungie ndani. Tokeni mkamtie moyo mkwe wenu. Kila mmoja abebe kigoda chake."

Nilitaka kupasuka. Nilimfuata nje, nikamwamkia kwanza, maana naye ana mvi, halafu nikamuuliza ndicho tulichokubaliana? Akaniambia alilitafakari, akaona wazee wangejisikia wamefukuzwa. Nyuma yake mzee mmoja alikuwa tayari anamuuliza mwenzake kigoda chake kiko wapi.

Nikamgeukia mama. Jumatano jioni, tunachambua maharage, nikamwambia, "Mama, Jumamosi Efrazia apite tu. Apunge mkono kama wale wakimbiaji wageni. Waambie wenzako."

Mama hakuinua macho. "Apunge mkono? Mimi ni basi?"

"Mama, ana saa ya kuwahi."

"Mimi nilibeba asali mpaka kwa Sulle," akasema mama. "Wewe hukuibeba. Sitaki kuibeba tena."

Na Efrazia mwenyewe, aliyekuwa mlangoni na mtungi wa maziwa, akasema, "Usihangaike wifi, nitasimama kwa haraka." Kusimama kwa haraka! Nikaacha maharage nikaenda kulala.

Jumamosi nilimkodi Gerald, dereva wa bodaboda, baba wa watu mwenye watoto na ndevu, anibebe nyuma ya wifi yangu nikiwa na maji, machungwa na kanga ya akiba. Baridi ilikuwa ya kukata masikio na mlima haukuonekana. Wakimbiaji wa mjini walikuwa wanarukaruka na viatu vya rangi za pipi. Efrazia alivaa raba zile za Modest, soksi mbili mbili ili zimtoshe, suruali ya michezo, na juu yake sketi ya heshima niliyomshonea mwenyewe kwa kitambaa chepesi. Filimbi ikalia, wakaondoka.

Nisiwe mwongo: mwanzo ulinifurahisha. Alitulia, hakukimbizana na wale waliotoka kama wanakimbia moto. Njia ilipoanza kupanda, wale wa viatu vya pipi wakaanza kushika viuno. Efrazia akawapita mmoja mmoja katikati ya mabua ya mahindi yaliyokauka, na kila aliyempita alimwambia, "Pole." Gerald akaniambia, "Dada Skola, huyu leo anaingia mapema, mpaka tutapata muda wa chai." Nami, mjinga, nikaamini.

Mzee wa kwanza alikuwa kwenye kona, amekaa kwenye kigoda, amevaa koti la Pasaka. Miguu ya Efrazia ikasimama. Nikaiona ikisimama, na moyo wangu nao ukasimama. Akainama. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mama Irene. Habari za huko?"

"Njema baba. Za hapa?"

"Hapa wazima. Na yule ng'ombe wenu wa madoa?"

Ng'ombe wa madoa! Kilomita ishirini na moja, mtu ana jasho mpaka kwenye kope, tunaulizana ng'ombe wa madoa. Na kibaya zaidi, Gerald akazima pikipiki, akashuka, akaamkia. Ikabidi na mimi nishuke, maana nami nina mama. Wakati tunamaliza habari za ng'ombe, dada mmoja wa mjini mwenye chupa nyingi kiunoni akatupita, akampungia mzee mkono, akaendelea. Mzee akamwangalia kwa furaha. "Wageni wana mbio," akasema.

"Umeona?" nikamfokea Efrazia tulipoondoka. "Kapunga tu na mzee kafurahi!"

"Yule ni mgeni, wifi," akasema huku anahema. "Ataondoka jioni."

"Na mimi nikipunga?"

"Wewe umezaliwa hapa. Mimi nimeolewa hapa."

Ikaendelea hivyo hivyo mlima mzima. Bibi wawili wenye shuka moja begani, kusimama. Mzee aliyeletwa na mkokoteni, kusimama, na kumshukuru aliyemleta. Mama mmoja wa Kimang'ati, amevaa bangili zake za shaba mpaka kwenye kiwiko, anapeleka ndama mnadani, alimshika Efrazia mkono kwa mikono miwili akamwombea baraka ndefu kwa lugha yake, na hakuna kati yetu aliyethubutu kukata baraka. Kila mara Efrazia alipoondoka alianza upya kama gari bovu lililozimika mlimani, miguu imeshapoa, na sura yake nikaona inabadilika. Alikuwa haniangalii tena. Alikuwa anatafuta mvi mbele yake barabarani, na akiziona anafumba macho kidogo kabla ya kusimama.

Kwa mzee Bura ndipo nilipochoka kabisa. Nyumba yake iko pale njia inapoanza kushuka kurudi kijijini. Ni mzee mpole, hana baya na mtu, na hana haraka na kitu. Aliitikia shikamoo, akaulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja kwa majina, halafu akauliza, "Sasa unakwenda wapi, mama Irene?"

"Endasak, baba."

Akafikiri. "Lakini umetoka Endasak."

"Ndiyo baba. Tunazunguka."

"Mmesahau kitu?"

"Hapana baba. Ni mbio."

"Sasa kama ulikuwa Endasak na unataka kufika Endasak," akasema mzee Bura, kwa huruma kabisa, "si ungebaki tu?"

Gerald akageukia upande mwingine, mabega yanacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliangalia saa ya simu na hesabu ilikuwa inakataa. Muda uliobaki ungemtosha kama angeushuka mteremko wote bila kusimama. Lakini baada ya mteremko inakuja mashine ya kusaga, na kutoka mashine mpaka uwanjani ni pale wazee wote wa katikati ya kijiji walipopanga vigoda vyao, safu nzima, kwa agizo la katekista. Na wa kwanza kwenye safu, nilimwona asubuhi akichagua sehemu itakayopata jua, alikuwa mzee Sulle.

Efrazia naye alilijua hilo. Alipomaliza kuagana na mzee Bura alinitazama, na macho yalikuwa yamejaa. "Wifi, sitafika," akasema, na akaanza kukimbia.

Basi nikampigia mama simu. Nilimwambia Gerald asiende, asubiri, nikapiga hapo hapo barabarani, na ilipopokelewa nikaanza kupiga kelele. "Mama, shikamoo zenu zinamuua mtoto wa watu! Saa inakwisha, ninyi mmejipanga huko kama mnangojea sadaka! Nimekuomba Jumatano ukanifanya mjinga! Akikuta wamefunga, chupa ya pili ataiweka kabatini na mtaitazama mpaka mfe!"

Halafu mama akasema, "Umeniamkia?"

Mungu wangu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Amefika wapi?"

"Ametoka kwa mzee Bura sasa hivi."

Simu ikakatika. Nikaangalia skrini kama anayeangalia chungu kilichovunjika. Nilimtukana mama yangu, au karibu na hapo, na sijapata kitu. Gerald, ambaye alisikia yote, akawasha pikipiki taratibu.

Tulipomkuta Efrazia alikuwa anashuka vizuri, anaruka mawe, mikono iko chini, kama nilivyomwona asubuhi nyingi kwenye ukungu. Alishuka hivyo mpaka paa la mashine ya kusaga likaonekana, na nyuma yake kidogo tao la uwanjani, bado limesimama. Bado limesimama! Na mavumbi ya ng'ombe wa mnada yanasogea kutoka upande wa pili. Nikasema moyoni, Bwana, mpofushe kwa dakika chache.

Hakupofuka. Alimwona mzee Sulle. Alikuwa pale pale kwenye jua, mgongo ukutani, fimbo katikati ya magoti, na nyuma yake vigoda na vigoda mpaka kwenye kona. Kigoda cha mama kwenye safu hiyo hakikuwa na mtu. Efrazia akaanza kupunguza mwendo. Nikaona mguu wa kulia unasimama, wa kushoto unakuja kukaa karibu yake, mwili unaanza kuinama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefunga mlango wa nyumba anayohama.

"Marahaba!"

Ilikuwa sauti ya mzee Sulle. Efrazia alikuwa hajafungua mdomo. Akabaki ameinama nusu, haelewi.

"Marahaba mwanangu!" mzee Sulle akarudia, na safari hii alikuwa anamtazama usoni. "Pita!"

Efrazia akanigeukia mimi. Na mimi nilikuwa mdomo wazi kwenye pikipiki.

Hapo ndipo nikamwona mama. Alikuwa amesimama katikati ya safu, kanga imemdondoka begani, amenyoosha fimbo kuelekea uwanjani, na alikuwa ameshapita kwa kila kigoda kutoa amri, mwanamke yule, kwa magoti yale. "Unasimama nini?" akafoka. "Umeshaitikiwa! Marahaba! Nenda!"

Na wote wakaanza. "Marahaba!" "Marahaba mama Irene!" "Marahaba, na ng'ombe hajambo, pita!" Wazee waliokaa wakasimama, bibi wakapiga vigelegele katikati ya marahaba, mmoja aliyekuwa hasikii vizuri akaitikia mara nne kwa usalama. Efrazia alipita mbele yao amejifunika mdomo kwa mkono, sijui anacheka au analia, na miguu yake, miguu ile iliyofundishwa kusimama, haikusimama hata kwa mama. Nami nilipita nyuma yake kwenye pikipiki, na naomba ieleweke kwamba mimi hakuna aliyeniitikia. Nilitakiwa nishuke. Sikushuka.

Aliingia uwanjani pamoja na ng'ombe. Nasema kweli: fahali mmoja mwekundu alivuka chaki mbele yake kidogo tu. Kijana wa Arusha alikuwa ameshika kizibo cha lile tao ili alitoe upepo, akamwona, akakiachia. Akatazama saa, akatazama ng'ombe, akamvisha medali. Ilikuwa medali nyepesi ya bati, utepe wa kijani. Efrazia alikaa chini kwenye nyasi akaishika kwa mikono miwili, na mimi nililia mbele za watu wa mnada bila aibu.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mimi nina mama.

Jumapili baada ya misa, Efrazia hawezi kukunja magoti, anashuka ngazi za kanisa kinyumenyume, mama akamwambia, "Ukishakunywa chai vaa vizuri. Tunatoka."

"Tunakwenda wapi mama?"

"Jana umeitikiwa safu nzima. Shikamoo zetu ziko wapi?"

Nikadhani anatania. Mama hatanii. Alikuwa ameshachukua fimbo. Nikamwambia mama huyu mtu hawezi kutembea, ana malengelenge, hata Mungu alipumzika siku ya saba. Mama akaniambia hata mimi nitakuja, kwa sababu nilipita na pikipiki na nilimfokea kwenye simu, na atahesabu yote pamoja. Efrazia, badala ya kunisaidia, akaingia ndani akavaa sketi ile ile ya mbio na medali shingoni, akatoka anachechemea. "Wifi, twende tu," akasema. Nilikuwa na hasira za kutosha kupika chungu cha makande.

Tukaanza kwa mzee Sulle, kwa sababu mama hupenda kuanza na pagumu. Alikuwa ukutani kwake, kwenye jua lake, pale pale ambapo miaka ile kuni zilipita. Mama akasimama pembeni. Efrazia akaweka miguu pamoja, akainama mpaka medali ikaning'inia hewani.

"Shikamoo baba."

Mzee Sulle aliitazama medali, akanyoosha mkono akaigeuza, akaiacha.

"Nilishaitikia," akasema.

"Ndiyo baba. Asante baba. Lakini mama amesema..."

"Jana niliitikia mara mbili," akasema mzee Sulle. "Hukusikia? Moja ilikuwa ya jana."

Efrazia akainua kichwa.

"Ile nyingine ni ya siku ya kuni," akasema mzee, na hakutazama pembeni.

Wifi yangu alibaki ameinama, machozi yakimdondokea moja kwa moja kwenye raba za Modest. Nilimgeukia mama ili aseme kitu, na mama alikuwa anafunga upya kanga yake, anaifunga na kuifungua. Mzee Sulle akasukuma kigoda chake kwa mguu kuelekea kwa Efrazia, akamwambia akae, apumzishe hayo magoti, yeye atasimama.

Akakaa. Tukanywa maziwa. Halafu mama akakohoa, akashika fimbo, akasema tunyanyuke, bado safu nzima, halafu kwa Bura, akaambiwe kwamba Endasak tulifika, na kwa Bura ni mbali.